Wameshamaliza Kitabu, Sasa Wasome Nini?

Ndugu msomaji, makala hii ni ya ugomvi, na ugomvi wenyewe nauanzia nyumbani kwangu. Mwaka 2021 nililipwa kuendesha webina. Kwa asiyeijua, webina ni semina ya kwenye intaneti: mmoja anaongea huku anaonyesha slaidi, na wengine, wawe 10 au 1,000, kila mmoja anatazama kwa simu au kompyuta yake, maikrofoni zimezimwa. Shirika lililonilipa silitaji. Mada ilikuwa matumizi ya teknolojia ya kidijitali katika kisomo cha watu wazima. Tulifanya vipindi vinne. Juu nilivaa shati la maana, chini bukta, maana kamera haishuki huko. Mshiko ulikuwa mzuri. Nililipa kodi ya miezi mitatu, na viatu nikanunua. Kwa hiyo nisije nikaonekana mtu aliyesimama nje ya uzio akirusha mawe. Mawe haya natupia na dirisha langu mwenyewe.

Kipindi cha tatu walihudhuria walimu wa kisomo 112. Ngoja niseme vizuri: majina 112 yalionekana kwenye orodha. Nyuso hazikuonekana. Mtoa mada alikuwa Ulaya, akiongea Kiingereza, ana slaidi nyingi kama karata. Kazi yangu mimi ilikuwa kumkaribisha, kumshukuru, na kusoma maswali ambayo washiriki walikuwa wakiyaandika pembeni mwa kioo. Niliagizwa nichague maswali "ya kimkakati". Nikachagua matatu, yote ya Kiingereza, na mawili kati ya hayo yametoka kwa wafanyakazi wa shirika lilelile. Mtoa mada akayasifu. Tukapigana picha ya kioo, yaani vile viboksi vyeusi vyenye majina, tukaagana.

Wiki iliyofuata nikakaa kuandika ripoti. Katika kupekua yale maandishi ya pembeni nikakuta swali moja la Kiswahili, halina herufi kubwa wala nukta: wanafunzi wangu wameshamaliza kitabu sasa wasome nini.

Jina la mwulizaji nililijua. Ni mwalimu mstaafu wa hapa kwetu Manzese, anayefundisha kisomo jioni katika chumba kilichokuwa stoo ya mchele. Mimi mwenyewe alinifundisha darasa la pili. Mkono wangu aliushika yeye nilipokuwa naandika "s" inayotazama kulia badala ya kushoto. Sasa unadhani swali lake nililiweka kwenye ripoti? Sikuliweka. Ripoti ilikuwa na sehemu ya "changamoto", nikaandika kwamba baadhi ya washiriki walipata tatizo la mtandao. Juu kabisa, kwa herufi nzito, nikaandika kuwa walimu 112 wamejengewa uwezo. Kisha nikawatumia vyeti.

Siku moja nikampitia kumsalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuona kwenye simu ya jirani. Umenenepa."

Akanieleza kuwa aliazima simu, akanunua bando la shilingi 1,000, na bando likakata kabla hata mtoa mada hajafika katikati. Swali aliliwahi kulituma kwa kuandikiwa na mjukuu wa jirani. Akaniuliza, "Sasa lile swali langu mlilijibu? Maana mimi nilikatika." Nikamjibu kuwa muda haukutosha. Ulikuwa uongo mtupu. Muda ulitosha, tulimaliza dakika 10 kabla ya saa iliyopangwa, na zile dakika tulizitumia kupongezana.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Na niseme mapema kabisa, kwa sababu nawajua wenzangu wa kijiweni, wataniita mshamba anayeogopa mashine: mimi sigombani na intaneti. Nagombana na usanii wa kuiita webina ufundishaji wakati haina sikio. Chombo chochote ambacho mwanafunzi hawezi kukiuliza kikamjibu ni tangazo la biashara. Kinaweza kuwa tangazo zuri, lenye picha na muziki, lakini halijawa darasa.

Watasema zama zimebadilika. Haya, tuzitazame zama. Nchi hii haikuanza jana kufundisha watu wazima kwa mitambo ya mbali. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya chache, zikiwemo Mafia na Ukerewe, zikapewa kazi ya kufuta ujinga wa kusoma kabla ya nyingine. Teknolojia kali ya siku zile ilikuwa redio. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, halafu mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 walishiriki katika Mtu ni Afya. Milioni 2! Hapakuwa na bando, hapakuwa na kioo, na nyumba nyingi hazikuwa hata na hiyo redio.

Sasa sikiliza ilivyofanya kazi, kwa sababu siri yote iko hapo. Hawakuwasha redio wakaondoka. Watu walikaa katika vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo; viongozi wa namna hiyo walikuwa kama 75,000 nchi nzima. Kulikuwa na kitabu kilichochapwa. Kipindi kinaanza, watu wanasikiliza pamoja. Kikiisha redio inazimwa. Kitabu kinafunguliwa, anayejua kusoma anamsomea asiyejua. Kisha wanabishana: je, hapa kwetu malaria inatoka wapi, maji tunayokunywa yakoje? Wakishabishana wanaamua la kufanya, na kesho yake wanachimba choo. Vyoo vilichimbwa kwelikweli. Redio ilichukua sehemu tu ya dakika za mkutano, zilizobaki zilikuwa za watu wenyewe. Webina tunayouziwa leo imepindua hesabu hiyo: karibu dakika zote ni za msemaji, na watu wanaachiwa dakika 5 za mwisho, nazo mtu kama mimi anazichakachua.

Sitaki nipambe ya kale. Kampeni zile zilikuwa na amri ndani yake, na mahali pengine watu walikwenda darasani kwa kumwogopa kiongozi wa kijiji kuliko kwa kuipenda herufi. Hata hivyo matokeo yapo. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1986 waliobaki walikuwa asilimia 9.6. Halafu nini? Halafu uchumi ukaanguka, karatasi ikawa adimu, magazeti ya vijijini kama lile la Elimu Haina Mwisho lililotoka Mwanza yakafifia, maktaba ndogo za vijijini zikabaki na rafu zenye vumbi. Aliyejifunza kusoma kwa kitabu cha kilimo cha pamba au cha migomba akakisoma kitabu hicho mpaka kikaisha kurasa, na hakikuja kingine. Wengi wakarudi walikotoka. Kusoma ni kama kuogelea kwa mtu wa bara: usipokuwa na maji karibu, ufundi unakutoka mwilini.

Kwa hiyo swali la mwalimu wangu, lile nililolifukia, lina umri wa miaka zaidi ya 40. Wameshamaliza kitabu, sasa wasome nini? Taifa zima lilishindwa kulijibu swali hilo, na mimi nikalifuta kwa kidole kwa sababu halikuwa la kimkakati.

Mtetezi wa mashine hapa ataniletea Tanga. Nami nampokea, kwa sababu Tanga inasema kweli pande zote mbili. Kulikuwa na shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Wakatengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, zikawekwa kwenye vishikwambi, na kuanzia mwaka 2017 vikajaribiwa na watoto karibu 3,000 katika vijiji kama 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa Kiswahili. Kila kijiji kilipata mtambo wa jua wa kuchajia. Washindi wawili walitangazwa mwaka 2019, wakagawana dola milioni 10. Mwanzoni zaidi ya watoto 9 katika 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Hilo si jambo dogo, na asiyelishangilia ana roho mbaya.

Lakini angalia ndani. Kwanza, kile kishikwambi kilikuwa kinamjibu mtoto. Akigusa, kinaitika, akikosea, anarudia, hakimsomei slaidi za mtu aliye Ulaya. Pili, programu ilikuwa kwenye kishikwambi chenyewe, haikungoja bando. Tatu, shindano lililosifiwa kuwa watoto watajifunza wenyewe bila mwalimu lilihitaji akina mama wa kijiji kuvitunza na kuvichaji vile vishikwambi. Mama wa kijiji hakuwa kwenye tuzo, lakini siku akiugua mtambo unalala. Na nne, ukigeuza ile hesabu, karibu nusu ya wale watoto walifika mwisho wa miezi 15 bado hawajasoma hata neno moja. Nao hao wanahitaji mtu.

Wenzetu wa Kenya nao walipitia mlango huohuo kwa mlio mkubwa zaidi. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 kila mtoto wa darasa la kwanza aliahidiwa kompyuta ya mkononi. Vifaa vilianza kugawiwa mwaka 2016, zaidi ya milioni 1 kwa jumla. Na si vichache vilivyofungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, au vikakaa tu kwa kuwa mwalimu hakupewa muda wa kuvijua. Kwetu, vishikwambi vilivyohesabu watu katika Sensa ya mwaka 2022 vilipelekwa kwa walimu. Jambo jema. Nami nauliza palepale anapouliza mwalimu wangu: ndani yake kuna nini cha kusoma?

Sasa nirudi Manzese, maana huko ndiko mashine zinakopimwa. Baada ya siku ile aibu ilinikaa kifuani, nikaanza kwenda kwenye kile chumba cha mchele kila Jumatano kumsaidia mwalimu. Wanafunzi ni 14. Yupo mama anayeuza vitumbua. Unajua kwa nini alikuja kujifunza? Kwa sababu ya simu. Pesa zake zinaingia kwa simu, ujumbe wa muamala unaingia, na yeye hausomi, anamsomea mtoto wa dada yake. Miezi minane kijana akawa anamsomea pungufu. Ameingia elfu 30, anasomewa elfu 20. Siku mama alipoweza kusoma tarakimu na lile neno "umepokea", hakupiga kelele. Alimpa kijana simu kama kawaida, akamwacha asome, kisha akamwambia, "Rudia." Akarudia. "Rudia tena." Kijana akaelewa.

Unaona, ndugu yangu, teknolojia hiyo. Kitochi cha bei chee, kioo chake upana wa vidole viwili. Kilimfundisha mama yule kwa sababu kilikuwa na neno linalomhusu. Paulo Freire, yule mwalimu wa Brazil aliyefika hata hapa Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 1970, alishaandika kwamba elimu ya kumjaza mtu kama anayeweka pesa benki haimkomboi, na kwamba kisomo kianze na maneno ya maisha ya msomaji mwenyewe. Kwa mama wa vitumbua neno hilo lilikuwa "umepokea". Katika slaidi zote nilizozifungulia milango mwaka ule, neno hilo halikuwamo.

Basi mnataka tuitumie intaneti? Tuitumie, lakini kwa utaratibu wa wale wa mwaka 1973. Sisi tumejaribu, na hii haihitaji mfadhili. Simu moja ya maana katikati ya chumba, na spika ndogo. Mtu mmoja tu ana bando, tunachangia. Rafiki yangu yuko Kigoma, anafundisha darasa kama letu. Jumatano anatutumia sauti ya dakika 3 kwa WhatsApp: mwanafunzi wake anasoma barua aliyoiandika mwenyewe, kuhusu dagaa, kuhusu bei ya mafuta ya taa, kuhusu mume. Tunasikiliza, tunazima. Tunabishana. Kisha mmoja wetu anaandika jibu kwenye daftari, tunalipiga picha, tunalituma. Wiki inayofuata tunapata majibu. Kuna watu Kigoma sasa wanaujua mwandiko wa mama wa vitumbua. Hakuna cheti. Hakuna orodha ya waliohudhuria. Ukikosa kuja, mtu anakuja mlangoni kwako kuuliza kama unaumwa.

Najua pingamizi moja ambalo lina uzito: darasa la watu 14 litafika lini kwa mamilioni? Webina inafika nchi nzima kwa siku moja. Jibu langu ni kwamba inafika kama mvua inavyofika kwenye bati, kelele nyingi na ndani pakavu. Mwaka 1973 walifika kwa milioni 2 kwa kuzidisha vikundi. Waliwekeza katika kiongozi wa kikundi, katika kitabu, na katika saa ya kubishana. Anayetaka kutumia fedha za webina afanye hivyohivyo: awape walimu wa mitaani bando na posho, kwanza posho, aweke masomo yanayokaa kwenye simu bila intaneti, azungumze Kiswahili, na swali la kwanza kusomwa liwe la yule aliyeandika bila nukta. Asipoweza, asiseme amefundisha. Aseme ametangaza, tutamwelewa.

Sasa nageuka kwetu sisi, vijana tunaoandika kwenye gazeti hili, maana mlidhani mmepona.

Wameshamaliza kitabu, sasa wasome nini? Swali hili hakuulizwa fundi wa kompyuta. Tumeulizwa sisi. Fundi anaweza kutengeneza kishikwambi kinachong'aa gizani, hawezi kutengeneza hadithi ya kuweka ndani yake. Nasi je? Tunaandika mashairi huru ambayo hata sisi tunayasoma mara mbili ndipo tujifanye tumeelewa. Tunasomana wenyewe kwa wenyewe, watu 200, tunagawana ujiko. Tukiona hadithi yenye sentensi fupi tunasema ni ya watoto. Nilimpelekea mama wa vitumbua hadithi yangu, ile iliyochapwa hapa na wengine mkanipigia simu kunipongeza. Alisoma aya ya kwanza kwa kidole, neno moja moja, dakika zikapita. Akafika mwisho wa aya. Akaniuliza kwa upole, "Huyu mtu hapa amekwenda wapi?" Nikatazama. Ni kweli, hakuna popote nilipomwambia msomaji mtu yule amekwenda wapi. Nilikuwa nimeiita "mbinu".

Kumwandikia mtu aliyejua kusoma ukubwani si kazi ya kushusha hadhi. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuijaribu. Yeye si mtoto. Amezaa, amezika, amedhulumiwa, anajua bei ya kila kitu. Ukimwandikia habari za sungura na fisi kwa sauti ya chekechea atakufungia kitabu, na ana haki. Anataka mambo ya watu wazima kwa maneno ambayo jicho lake linayaweza: mapenzi, mirathi, jirani anayeloga, daladala iliyopinduka, mwanamke aliyemkimbia mume na hakurudi. Ukurasa mmoja. Herufi kubwa. Kila mtu ajulikane amekwenda wapi.

Nilirudi kwa mwalimu wangu nikamwambia ukweli, kwamba swali lake nililiona na nikalifuta. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua. Ulikuwa unafuta hivyohivyo darasa la pili, ukishindwa hesabu." Kisha akanisogezea ungo, tukachambua wote.

Kwa hiyo sitafuti watu wa kuniunga mkono. Natafuta kurasa. Kila Jumatano saa 11 jioni wanafunzi 14 wanakaa katika chumba kile, kitabu chao kimekwisha tangu mwaka 2021, na hadithi nilizowaandikia mimi hazijafika kumi. Mwenye ukurasa mmoja unaosomeka auache kwa mhariri. Mwenye kutaka kuuleta mwenyewe akaribie, akae chini, ausome kwa sauti, na ajiandae kuulizwa maswali.